Mstari wa Siku 90

"Mama, samahani sana, siwezi kukupakia."

Dada wa kaunta alisema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka foleni nzima isikie. Tulisikia wote. Ilikuwa usiku, uwanja wa ndege, Februari 2022, na mbele yangu alisimama mama mmoja wa makamo, koti zito amelikunja mkononi, maana alikuwa anakwenda kwenye baridi. Juu ya koti alishika karatasi mbili. Moja ilikuwa majibu ya PCR, kipimo cha korona, ya jana yake. Nyingine ilikuwa majibu ya wiki sita nyuma. Zote mbili zilisema chanya.

"Mwanangu, mimi nimeshapona," alisema. "Daktari kaniambia hayo ni mabaki tu. Binti yangu anajifungua wiki hii, na kule hana mtu."

"Nakuelewa, mama. Ila Marekani wanataka majibu hasi."

Nilikuwa hatua mbili nyuma yake, nakwenda huko huko. Kwenye bahasha yangu, chini ya cheti cha chanjo, kulikuwa na ukurasa niliouchapa kutoka tovuti ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Sentensi moja nilikuwa nimeipigia mstari kwa kalamu ya bluu. Ilisema hivi, kwa maneno yangu: aliyeugua korona na kupona ndani ya siku 90 zilizopita halazimiki kuonyesha kipimo hasi, anaweza kuonyesha majibu yake ya chanya pamoja na barua ya daktari inayothibitisha kwamba amepona na anaruhusiwa kusafiri.

Nilijua.

Sikusema.

## Bahasha

Wiki chache zilizopita kijana mmoja wa familia yetu aliniomba nimsaidie kupanga makaratasi ya safari yake ya kwanza. Alitaka kujua kama cheti chake cha homa ya manjano, cha miaka kumi na kitu iliyopita, kimekwisha muda. Nikamwambia hakijaisha. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho kinatambuliwa kwa maisha yote ya mwenye nacho, hata kama kiliandikwa kuwa cha miaka kumi. Akataka nimwonyeshe changu, nikavuta droo.

Bahasha ya Februari 2022 ilikuwa chini ya kadi ile ya manjano. Sikumbuki kuiweka pale. Ndani nilikuta pasi ya kupandia ndege iliyofifia, cheti cha chanjo chenye dozi mbili, majibu yangu ya kipimo, fomu ya kiapo niliyoijaza kwenye foleni huku nimeilaza juu ya begi, na ukurasa ule wenye mstari wa bluu.

Tangu siku hiyo yule mama hajanitoka. Naosha vyombo, namwona. Nasubiri lifti, namwona anakunja zile karatasi.

## Saa 72 za nani?

Sikuujua ule mstari kwa bahati. Niliugua Desemba 2021, na kwa kuwa safari ilikuwa imeshapangwa, niliingia kwenye masharti yale kama mwanafunzi anayekaribia mtihani. Nilisoma kila kitu, na nilisoma kwa hofu.

Marekani ilianza kudai kipimo hasi kwa kila anayeingia kwa ndege tarehe 26 Januari 2021, kikiwa kimefanyika ndani ya siku tatu kabla ya safari. Tarehe 6 Desemba 2021, Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, ilipokuwa inasambaa, siku tatu zikawa moja, uwe umechanjwa au hujachanjwa. Na wao walihesabu siku, hawakuhesabu saa. Ndege yako ikiondoka Ijumaa saa tano usiku, kipimo cha Alhamisi saa moja asubuhi kinakubalika, ingawa kati yake na ndege zimepita saa arobaini.

Nchi nyingine zilihesabu saa, na hapo ndipo watu walipolia. Saa 72 kuanzia lini? Kuanzia sampuli ilipochukuliwa, au majibu yalipotoka? Zinaishia wapi, ndege inapoondoka au inapotua? Na mwenye ndege mbili ahesabie ipi, ya kwanza au ya mwisho?

Mwaka 2021, katika safari nyingine, nilipewa majibu yenye tarehe bila saa. Nikarudi maabara. Dada wa mapokezi akachukua kalamu, akaandika saa pembeni mwa muhuri, akasaini kwa heshima zote. Nikafurahi, nikaondoka. Nilipofika nyumbani nikasoma kwamba nchi niliyokuwa napitia haikubali kitu chochote kilichoongezwa kwa mkono, na inataka msimbo wa QR. Nikarudi mara ya pili. Nakumbuka nilivyosimama pale dirishani, natazama saa ya ukutani, kila dakika iliyopita ikikatwa kwenye uhalali wa karatasi ambayo hata haijachapwa.

Majina nayo. Cheti cha chanjo kilianza na jina la baba, pasipoti ikaanza na langu. Herufi moja ya jina la katikati iliruka. Mtu ambaye hakuwahi kusimama kaunta na cheti cha namna hiyo hawezi kujua jinsi herufi moja inavyoweza kukukausha koo.

Kwa hiyo nilijifunza. Nilipofika kwenye sharti la waliopona, nikalisoma mara nne. Lilikuwa na sababu ya kitaalamu, na nilipoielewa nilifarijika. PCR huchukua kipande kidogo cha vinasaba vya kirusi na kukirudufu, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka kionekane. Haiulizi kama kirusi hicho bado ni kizima. Mtu aliyepona anaweza kuendelea kutoa vipande hivyo kwa wiki nyingi wakati hana tena uwezo wa kumwambukiza mwenzake. Ndiyo maana CDC waliweka mlango wa pembeni wa siku 90.

Yule daktari hakumdanganya mama. Yalikuwa mabaki kweli. Kilichokosekana ni kwamba hakumwandikia.

Barua yenyewe haikuwa kitu kikubwa: karatasi yenye nembo, jina, anwani na simu ya mtoa huduma, sahihi na tarehe. Aya mbili zingetosha.

Kwangu mimi haikuhitajika. Kipimo changu kilitoka hasi, nikaiacha bahasha kama ilivyo.

## Aliyekaa upande wa pili wa kaunta

Kuna watu watasema kosa lilikuwa la dada wa kaunta. Nimelifikiria hilo, na nafsi yangu inakataa.

Wafanyakazi wa ndege si maofisa wa uhamiaji wala si madaktari. Lakini shirika la ndege likimfikisha abiria asiye na vielelezo, ndilo linalobeba gharama ya kumrudisha, na nchi nyingi hulitoza faini juu yake. Kwa hiyo wao ndio walikuwa mpaka wenyewe. Wanachokisoma kwenye skrini ni Timatic, mfumo wa IATA, umoja wa mashirika ya ndege, unaokusanya masharti ya kila nchi. Kabla ya 2020 walikagua pasipoti, viza, na labda cheti cha homa ya manjano. Ghafla wakatakiwa kutofautisha PCR na kipimo cha haraka cha antijeni, dozi ya pili na ya nyongeza, siku na saa, kwa lugha wasizozifahamu, huku watu 200 wakisubiri.

Na masharti yalibadilika wakati watu wamelala. Afrika Kusini iliiarifu WHO, Shirika la Afya Duniani, kuhusu aina mpya ya kirusi tarehe 24 Novemba 2021. Tarehe 26 ikapewa jina la Omicron. Kufikia siku hiyo Uingereza ilikuwa imeshazuia ndege kutoka nchi sita za kusini mwa Afrika. Siku hiyo hiyo ndege mbili kutoka Afrika Kusini zilitua Amsterdam na abiria zaidi ya 600. Amri ilikuwa imewakuta angani. Walizuiliwa saa nyingi wakapimwa, na 61 wakakutwa na korona. Nawafikiria wale wengine, waliopanda ndege wakiwa halali na kushuka wakiwa watu wa kutiliwa shaka.

Katika hali hiyo, dada mmoja usiku, kwenye kaunta, anaona neno chanya. Huenda sentensi ya siku 90 ilikuwepo kwenye skrini yake, aya mbili chini. Ila neno chanya lilikuwa kubwa kuliko yote, na nyuma ya mama kulikuwa na foleni.

Foleni hiyo ndiyo mimi.

## Chanjo ile ile, jina jingine

Lazima niseme jambo hili, maana ndilo linalonichoma zaidi.

Dozi zangu mbili zilikuwa za Covishield. Ni chanjo ya AstraZeneca iliyotengenezwa na Serum Institute ya India, na ndiyo iliyofika katika nchi nyingi za Afrika kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, kuanzia Ghana tarehe 24 Februari 2021. WHO ilikuwa imeiidhinisha siku tisa kabla ya hapo. Halafu cheti cha kidijitali cha Umoja wa Ulaya kilipoanza kutumika tarehe 1 Julai 2021, Covishield haikuwemo kwenye orodha ya chanjo ambazo nchi zote wanachama zililazimika kuzitambua. Iliyokuwemo ilikuwa Vaxzevria, ambayo ni chanjo ile ile kutoka viwanda vingine. Umoja wa Afrika na Africa CDC, taasisi yake ya kudhibiti magonjwa, walilalamika waziwazi, na nchi moja moja zikaanza kuikubali.

Mimi nilichachamaa. Niliandika kila mahali palipokuwa na nafasi ya kuandika. Niliwaambia watu kwamba tumeombwa tuchanjwe, tukachanjwa, na sasa tunaambiwa kilichoingia mwilini mwetu hakihesabiki. Mwezi Desemba mwaka ule, António Guterres, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliposimama na kuyaita makatazo ya safari dhidi ya kusini mwa Afrika kuwa ni apartheid ya usafiri, nilisambaza maneno yake kabla sijamaliza kuyasoma. Nilikuwa na uchungu wa kweli. Bado ninao. Sioni hadi leo ni kwa vipi nchi iliyotoa taarifa haraka na kwa uwazi ilistahili kufungiwa milango, wakati kirusi chenyewe kilikuwa kimeshavuka mipaka.

Lakini miezi miwili baadaye, haki ilisimama mbele yangu ikiwa imevaa kilemba na kushika koti. Haikuhitaji makala wala tamko. Ilihitaji niseme neno kwa sauti ya kawaida.

Nikajikausha.

## Sababu nilizojipa

Nimejaribu kuzipanga kwa uaminifu, moja moja, kama ninavyozikumbuka.

Nilijiambia mimi si daktari. Nilijiambia hana barua, kwa hiyo hata nikisema, sharti linabaki pale pale na nitakuwa nimempa matumaini ya bure. Nilijiambia zimebaki saa mbili tu, usiku, nani atamwandikia barua saa hizi. Nilijiambia dada wa kaunta ataona namfundisha kazi mbele za watu.

Chini ya hizo zote kulikuwa na sababu ambayo sikuitaja hata moyoni wakati ule. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo, macho yatanigeukia. Niliugua Desemba. Cheti changu kina herufi iliyoruka. Ukishapita miezi kadhaa ukiishi na roho mkononi kwa ajili ya karatasi, unajifunza kutoonekana. Unasimama wima, unatabasamu, unajibu unachoulizwa. Aliye mbele yako akikwama, unaomba tu kukwama kwake kusiwe kwa kuambukiza.

Hilo ndilo nimekuwa nikilizunguka kwa wiki hizi. Sisi tuliosafiri miaka ile tuliwekwa kwenye foleni zinazomfanya kila mtu awe peke yake, na nilidhani nimezipita salama. Miezi ya kusoma masharti ilinipa maarifa ambayo mama yule hakuwa nayo, na sikuyaona kama kitu cha kugawana. Niliyaona kama begi langu la mkononi.

Sababu ya barua nimeipima zaidi ya nyingine, kwa kuwa ndiyo yenye uzito. Ni kweli, usiku ule pengine asingepanda. Daktari wake angepaswa kupatikana, akubali, aandike, asaini, atume kwa simu, ichapwe. Katika saa mbili? Sidhani.

Ningeweza kuishi na hilo, kama mazungumzo yangeishia hapo.

## Alichouliza kabla ya kuondoka

Hayakuishia hapo. Mama alikunja ile karatasi ya kwanza mara mbili, akaiweka ndani ya pasipoti. Akakunja ya pili. Alikunja polepole, akipitisha ukucha kwenye mkunjo kama anakunja barua ya kutuma. Kisha akamtazama dada wa kaunta, bila hasira.

"Basi nikapime tena lini, mwanangu?"

Dada alifikiri kidogo. "Labda wiki mbili, mama. Ikitoka hasi, tutakubadilishia tarehe."

"Na ikitoka chanya tena?"

"Basi utasubiri kidogo, mama. Mpaka itoke hasi."

"Haya. Ahsante, mwanangu."

Nilisikia kila neno. Nilijua kwamba hakuhitaji kusubiri hasi. Nilijua kwamba anaweza kupima baada ya wiki mbili na akatoka chanya, na baada ya nyingine mbili pia, kwa mabaki yale yale. Nilijua kwamba siku 90 zake zilikuwa zinahesabika, na kwamba kila wiki anayoipoteza akingoja majibu hasi ni wiki inayokatwa kwenye mlango ambao tayari ulikuwa wazi kwake. Angeweza kuondoka kesho yake au kesho kutwa. Angewahi kukaa kando ya kitanda cha binti yake.

Mama aligeuka. Begi lake lilikuwa na gurudumu moja bovu, likagoma kwenye zulia. Nililiinua nikamsaidia kulivusha.

"Ubarikiwe," akaniambia.

Nikasema, "Pole sana, mama." Nikasogea kaunta. Dada aliangalia karatasi zangu kwa dakika chache, hakuona ile herufi, akanipa pasi.

## Baada ya hapo

Marekani iliondoa sharti la kipimo tarehe 12 Juni 2022. Tarehe 5 Mei 2023 WHO ilitangaza kwamba dharura ya kimataifa imekwisha, na siku chache baadaye Marekani ikaacha pia kudai chanjo kwa wageni wanaoingia kwa ndege. Cheti cha Ulaya, ambacho kuanzia Februari 2022 kilikuwa kimewekewa ukomo wa siku 270 kwa wasiopata dozi ya nyongeza, kilifikia mwisho Juni 30 mwaka huo huo wa 2023. Leo hakuna anayeuliza. Nimepita viwanja kadhaa tangu hapo, na zile alama za miguu zilizobandikwa sakafuni ili tusimame mbalimbali zimebanduka, zimebaki madoa ya gundi.

Huwa nahesabu. Kama yule mjukuu alizaliwa wiki ile, alikuwa na miezi karibu minne sharti la kipimo lilipoondoka. Sijui kama bibi yake alifika mapema kuliko hapo. Inawezekana alikutana na mtu mwingine, maabara au kwenye ofisi ya tiketi, aliyejua na akasema. Naomba iwe hivyo.

Kijana wetu ameondoka juzi. Nilimwandikia masharti yake yote kwenye karatasi moja, ya kila nchi anayopitia, na tarehe niliyoyasoma. Nikamwambia, akiwa kwenye foleni, akiona mtu amekwama na yeye anajua kitu, aseme. Akaniuliza kwa nini nalikazania hilo kuliko viza. Nikamwonyesha ukurasa wenye mstari wa bluu, nikamweleza habari ya yule mama. Alisoma ile sentensi, akauliza swali moja tu: ningemwambia nini hasa?

Nilimjibu palepale, kwa sababu nimeshalisema mara nyingi nikiwa peke yangu. Linachukua pumzi moja.

"Mama, usipime tena. Tafuta barua ya daktari."